Jogoo wa Harambee na Risiti ya Mama Oresta

Jumapili iliyopita nilikuona, mwanangu. Ulisimama mbele ya kanisa letu hapa Kitai, jogoo mkononi, watu wanakupigia vigelegele, na bei uliyomnunulia yule jogoo ingetosha kununua ng'ombe. Nilifurahi sana. Mtoto wa kwetu akifanikiwa na kutoa, hata sisi wazee tunatembea kifua mbele. Ila nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza nacheka nini. Nilikuwa nimemkumbuka jogoo wangu mwenyewe.

Siku ya jogoo huyo nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mashine mbili za kukoboa kahawa kule Matiri, na lori moja. Kahawa ilikuwa na bei nzuri, nami nilijiona nimefika. Huko chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kijijini kwa mke wangu, walikuwa wanajenga nyumba ya kina mama wajawazito kando ya zahanati, ili wanaokuja kwa mtumbwi kutoka vijiji vya mbali wasubiri siku zao pale badala ya kujifungulia njiani. Siku ya harambee nilisimama kanisani kwao, mbele ya wakwe zangu wote, nikatangaza, "Kuta ni zangu, na mabati ni yangu!" Sijawahi kusema neno kwa sauti kubwa kama ile.

Harambee yetu unaijua. Anauzwa mkungu wa ndizi, debe la maharage, kuku, na mwenye nacho anataja bei ya ajabu ili wengine wachangamke. Nilimnunua jogoo mmoja mara tatu. Namlipia, namrudisha mnadani, namnunua tena. Fedha ya kuta zote ilipitia kwa jogoo yule. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwaminifu kabisa, alichana karatasi kwenye daftari la shule la mwanawe, akaandika: "Jogoo mmoja, amelipa." Nikakitia kikaratasi mfukoni. Kuomba zaidi ya hapo niliona aibu. Mtu unadaije risiti mbele ya altare, tena wakwe wanakutazama?

Kuta zikapanda. Fedha ya mabati nilikuwa nimeiweka pembeni. Mwaka wa hesabu ulipoisha nilikwenda ofisi ya kodi bila wasiwasi, maana niliamini kwamba fedha niliyokwisha kuitoa kwa wema haina kodi. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe. Bwana wa pale alikuwa mpole. Alikisoma kikaratasi changu, akakigeuza, akakisoma tena.

"Ndugu yangu," akasema, "hapa mimi naona ulinunua jogoo."

Akanieleza taratibu. Mfanyabiashara akichangia taasisi ya hisani ambayo ofisi ya kodi inaitambua, sheria inamruhusu kuuondoa mchango huo kwenye mapato ya biashara kabla kodi haijapigwa, kwa kiwango maalumu cha mwaka. Kamati yetu ya ujenzi haikusajiliwa popote. Fedha nilitoa mkononi. Na karatasi ilisema jogoo. Kwa hiyo kodi ilipigwa juu ya mapato yote, na zile nilizotoa zikiwemo. Fedha ya mabati ikaishia pale, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Sikumwambia mtu. Nilisubiri kahawa ya msimu ujao, huku nikikwepa kwenda ukweni. Mvua zilipoanza, Mama Oresta akapanda basi hadi Matiri. Huyo alikuwa mkunga wa zahanati ile na dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu. Alifika na kikapu cha usipa, wale dagaa wa ziwani, nikamwamkia, akaitikia, akakataa kukaa.

"Shemeji, jogoo wako tulimla siku ileile," akasema. "Alikuwa mtamu. Sasa nina kina mama wanne wamelala ndani ya kuta zako. Juu yao nimefunga turubai, na linavuja. Mabati yako wapi?"

Nilimweleza yote, hadi ile aibu yangu ya kudai risiti kanisani.

"Mungu hakukudai karatasi," akasema. "Serikali ndiyo inayodai, na ni haki yake. Wewe ulitaka vigelegele, shemeji, ukavipata. Wagonjwa wangu hawawezi kulala chini ya vigelegele."

Akaniachia kikapu cha usipa akaondoka. Niliona haya mpaka nikashindwa kula. Wiki hiyohiyo niliuza mashine moja ya kukoboa, na mabati yakateremka ziwani kwa lori langu, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani, kwenye utelezi ule. Hilo najivunia, nakwambia wazi.

Ila najivunia zaidi yaliyofuata. Ndani mle hakukuwa na kitanda hata kimoja. Safari hii nilitafuta mhasibu kabla sijatangaza lolote. Tukapata taasisi ya hisani ya kanisa inayohudumia zahanati za ufukweni, yenye barua ya kutambuliwa na ofisi ya kodi, nikaomba kuiona barua hiyo kwa macho yangu. Kwa kuwa sheria ina kiwango chake cha mwaka, niligawa mchango wangu kwenye misimu mitatu ya kahawa badala ya kuumwaga wote kwa siku moja. Kila mara nililipa kwa benki kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, na kila mara nikachukua risiti. Kodi iliyopungua sikuila. Niliiongeza kwenye mchango, na vitanda viwili vya mwisho vilitoka humo.

Siku ya kukabidhi vitanda, Mama Oresta alisimama mbele ya watu wote akaisoma risiti yangu kwa sauti ya mnada: namba, tarehe, jina la taasisi, mpaka mhuri. Watu wakapiga vigelegele. Kwa risiti, mwanangu! Kisha akatoa jogoo mwekundu nyuma yake akanikabidhi.

"Huyu hauzwi, shemeji," akasema. Nililia mbele ya wakwe zangu, na sikujali.

Sasa nisikilize. Umefungua kampuni, malori yako yanaonekana mpaka Songea, na moyo wa kutoa unao. Usikwepe kodi. Lami tunayoteremkia ziwani leo ni kodi, na mimi nikipita pale najua kipande fulani ni changu. Lakini nafuu ambayo sheria imekupa kwa ajili ya wema wako, usiiache ipotee, kwa sababu unaowanyima ni wale unaowachangia. Kabla ya kutangaza, uliza taasisi inatambuliwa au la. Mpango uwe wa miaka, fedha ipite benki, na risiti itaje mchango kwa jina lake. Ndugu yako mwalimu asikuige kwa hili, maana nafuu hii ni ya mapato ya biashara, mshahara wake hauhusiki. Na sheria hubadilika, kwa hiyo kila mwaka muulize mhasibu, usinitegemee mimi mzee. Jogoo endelea kumnunua, watu wachangamke, ila mnunue kwa fedha ya kitoweo.

Mungu akuzidishie, mwanangu, na mkono wako usichoke kutoa. Akulinde barabarani na akupe watu wasiokuogopa, kama alivyonipa mimi shemeji yangu. Na siku moja uitwe mbele, usomewe risiti yako, mimi nikiwa bado hai kukupigia makofi.