Padri Aliyekataa Kupumzika Bila Mimi

Mwanaume mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, nilijificha ndani ya ghala la mahindi nikimkwepa padri mzee mwenye miguu mibovu. Cheka kwanza, umalize. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Adungosi, miaka ile ya sabini, na nikiyasimulia bado mwili unanisisimka.

Padri wetu alikuja kijana. Alifyatua matofali ya kanisa pamoja na baba zetu, akatubatiza, akatufungisha ndoa, akabatiza na watoto wetu. Pikipiki yake ilijua njia ya Chakol mpaka Butula hata yeye akisinzia. Kisha miguu ikavimba, askofu akamwamuru astaafu, aende kwenye nyumba ya mapadri wazee, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Akakubali kwa sharti moja: apite kwanza boma kwa boma, asikie kitubio cha kila muumini wake.

Hapo ndipo nilipoingia ghalani.

Unauliza kwa nini? Jirani yangu, Mzee Ekisa, alipolazwa hospitalini miezi miwili, niling'oa mikonge ya mpakani nikaipanda hatua nne ndani ya shamba lake. Aliporudi aliitazama, akatikisa kichwa, akaingia kwake. Sasa jambo kama hilo utamwambiaje padri ambaye kila Jumapili hula kwa huyo huyo Ekisa?

Kutoka ghalani nikasikia fimbo yake ikigonga mlango mara mbili, kama kawaida yake. Mke wangu akasema, "Baba Padri, mwenye nyumba amevuka Malaba, ameenda Uganda."

Padri akacheka. "Huyu wetu? Huyu hata Busia mjini hajafika tangu amalize shule!" Kisha sauti ikashuka. "Mwambie amebaki yeye tu. Sitapumzika mpaka nimsikie."

Kesho yake wakamchukua, wakampeleka kwa mapadri wazee.

Miezi mitatu baadaye, saa tisa mchana, mvua ilinikuta karibu na kanisa, nikaingia kujikinga. Hapakuwa na mtu. Mabati yalipiga kelele hata sikusikia pumzi yangu mwenyewe. Halafu, ndani ya kelele ile, nikasikia fimbo kwenye kiti cha kitubio. Mara mbili.

Alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Niamini, nilifurahi, nilidhani amekuja kutembea. Nikapiga magoti. Ndipo nikaona viatu vyake chini ya pazia: vikavu, vina vumbi la kiangazi, na nje njia yote ni tope.

"Ghalani kulikuwa na joto, siyo?" akauliza.

Nikasema yote. Alipojibu, sauti ilikuwa karibu mno, kama inatoka upande wangu wa pazia. "Rudisha mikonge leo, kabla mvua haijakatika. Nimechoka, mwanangu."

Nikangoja baraka. Nilipofunua pazia, kulikuwa na kiti kitupu, na juu yake vumbi la miezi mitatu ambalo halijaguswa.

Nilikimbia kuchimba kwenye mvua, Ekisa akinitazama kutoka mlangoni pake. Nilipoushindilia mkonge wa mwisho, mvua ikakatika. Hapo hapo katekista akapita kwa baiskeli akitangaza kwamba Padri amefariki.

"Lini?" nikauliza.

"Jana jioni."

Ghala lile nimelibomoa. Lakini mvua ya saa tisa ikianza, fimbo bado hugonga mara mbili pale lilipokuwa. Mke wangu pia huisikia. Tunatazamana, nami najichunguza: nimesahau dhambi gani?

Wewe unayesoma, padri akisema anakungoja, toka ghalani ungali unaona tope kwenye viatu vyake.

Jioni ya siku ile niliyorudisha mikonge nilimsimulia Ekisa kila kitu, nikitumaini atanihurumia. Akatema mate kando, akasema, "Mtu aliyekufa amesafiri kote huko kwa ajili ya shamba langu, na wewe mzima, hatua nne zilikushinda?"