Maji kwa Mkono wa Kushoto

Pale Bantama, mjini Kumasi, ukitaka kusifiwa usiende kwa Abena Dufie. Mdomo wa msusi yule hauna breki. Mteja akiuliza, "Nimependeza?" naye hajapendeza, Abena atasema, "Bado, kaa tena," kisha afumue na kusuka upya bure. Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, lakini wa watu je? Wanamnunia wiki hii, wiki ijayo wamejaa tele saluni kwake.

Ila mdogo wake, Yaw Ntim, alinuna kwelikweli. Mchezo wake wa kwanza wa kompyuta Abena aliuita dawa ya usingizi, na jamaa akakaa tangu Pasaka hadi Krismasi bila kukanyaga kwake. Nao wamebaki wawili tu duniani! Abena aliumia mno. Kwa hiyo Jumapili hii Yaw alipokuja na kompyuta kwapani akasema, "Dada, kesho kutwa nauonyesha mpya mbele ya watu. Ucheze, uniambie ukweli," Abena aliapa moyoni kwamba leo ukweli atautia sukari.

Ulikuwa mchezo wa mafumbo. Uko nyumbani kwa marehemu Nana, bibi yao, unabofya hiki na kile mpaka uupate ufunguo wa sanduku lake. Kishale cha kubofyea kilichorwa kama mkono wa mtu. Abena akabofya rafu, akapata kata. Akabofya mtungi, akapata maji. Lo, akawa anacheka peke yake! Hata yule jogoo mkorofi wa Nana alikuwemo, na alidonoa vilevile.

Kisha akamfikia Nana mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, ana kiu. Hapo akakwama. Akabofya mkeka, akabofya kinu, akambofya jogoo, akabofya mpaka paa. Yaw, aliyekuwa akimenya ndizi za kukaanga, uvumilivu ukamshinda.

"Dada, si umpe maji tu!"

"Nimpeje? Mkono wenyewe wa kushoto huu!"

"Mbofye, atapokea."

"Thubutu! Nana huyu huyu? Natafuta pa kubofya niombe radhi kwanza. Umepaficha wapi?"

"Hapapo."

"Basi hapo umekosea, mdogo wangu. Mchezo mtamu, haki ya Mungu, na jogoo nimempenda. Lakini watu wa hapa watakwama wote. Nani atampa mzee kitu kwa kushoto bila hata samahani? Chora wa kulia, yaishe."

Yaw akaweka kisu chini. Alikuwa amekishika kwa mkono wa kulia, na maganda yametoka manene, kama kawaida yake.

"Huo ni mkono wangu, dada. Nimeuombea radhi tangu nijue kushika kijiko. Nana mwenyewe alikuwa akiufunga kitambaa nisiutumie. Kwenye mchezo wangu siombi."

Abena alikikumbuka kile kitambaa. Angeweza kusema tu, "Basi, uache hivyo hivyo, ni mzuri," na ndugu yake angerudi tena Jumapili ijayo. Lakini ungekuwa uongo, na kesho kutwa watu wangekwama mbele ya macho ya Yaw.

"Usiubadili," akasema. "Wala usiweke pa kuomba radhi. Ila mimi mchezaji nitajuaje kama Nana atapokea? Mpe sauti. Mtu akisitasita, Nana aseme neno."

"Aseme nini?"

"Niletee maji kwanza, mdomo umekauka."

Yaw akachota kwenye ndoo, akaja na kikombe mkono wa kulia, kinatetemeka na kumwagika kama siku zote. Abena akakunja mikono, akakataa kupokea.

"Siyo huo," akasema, kwa ile sauti ya Nana ya kukwaruza. "Lete kwa mkono wako, mwanangu. Nina kiu."

Yaw akasimama kama aliyegongwa. Kisha akahamisha kikombe. Hakikumwagika tena hata tone, na Abena akanywa mpaka mwisho.

"Rudia, dada," Yaw akasema, huku anajifuta macho na kupapasa simu mfukoni. "Rudia nikurekodi."

"Kwa koo hili? Niongezee maji kwanza. Na huyo jogoo mpunguze kelele."

Yaw akachota tena, akamletea kwa kushoto, wala hakuomba radhi.