Bitaka Kumi na Mbili za Mtaa Wetu

Mwuza samaki kutoka Sur anakuja mtaani kwetu Ibra kila Jumatatu, mwaka wa ishirini sasa, na kila Jumatatu Bi Mahfoudha humfunua samaki mashavu, akamnusa, kisha akamtazama mwuzaji usoni kana kwamba yeye ndiye aliyeoza. Ndivyo alivyo jirani yangu. Nampenda, lakini sitamsafisha hapa, kwa sababu aliyotufanyia mwaka ule wa uchaguzi bado yananiuma, na mimi Fawziya nilimsaidia kuyafanya.

Chanzo cha shaka yake nakijua. Alipokuwa na miaka saba, Unguja, kabla hatujavuka bahari kuja huku, mtu mmoja mpole mwenye kalamu alipita mtaani kwao akiandika majina ya wenye nyumba. Mama yake alimpa maji ya kunywa. Wiki ya pili nyumba haikuwa yao tena. Tangu hapo Bi Mahfoudha anamwogopa mtu anayetabasamu huku anaandika.

Mwaka ule Khulood, binti wa marehemu dada yake, aligombea kiti cha manispaa, yaani baladia kama tunavyoiita. Khulood ni mhandisi, ana maneno machache, na alikuwa na jambo moja: daraja. Mvua ikinyesha, wadi, lile korongo ambalo siku nyingine ni kavu, hukata mtaa wetu na wasichana wa shule hubaki ng'ambo mpaka maji yapungue. Mwaka uliotangulia gari lilisombwa na dereva akafa. Mpinzani wake, Humaid, alikuwa ameshachaguliwa na wanaume wa kabila lake kwenye sabla, baraza lao la wanaume, kwa kikao kimoja cha kahawa. Sisi wanawake tuliletewa jina nyumbani likiwa limeshapikwa, kama miaka yote.

Basi tukasema safari hii hatuli. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, na kila Jumatano sokoni kwa wanawake, ambako Bi Mahfoudha huuza kofia na nyuzi. Huko hakuna aliyemfikia. Alimkalisha mteja, akammiminia kahawa, na hakumrudishia chenji yake mpaka asikie habari ya daraja lote, na nguzo zake.

Kisha akaja Nadhir. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, ana duka la simu karibu na kituo cha petroli, na Khulood ndiye aliyemtuma. Alitukuta barazani kwa Bi Mahfoudha, wanawake kumi na saba.

"Shikamoo, Khala," akamwamkia kama mamake mkubwa.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Huwaida."

Bi Mahfoudha akaweka kikombe chini. Huwaida ni dada yake Humaid.

"Na unataka nini kwetu?"

"Kura sasa inapigwa kwa simu, Khala. Nataka kuangalia bitaka zenu tu, hivi vitambulisho, kila mtu jina lake iko wilaya gani. Kama iko pengine, tunabadilisha. Bado wiki tatu, baadaye khalas, wanafunga."

"Ukishaangalia, unaandika?"

"Naandika jina na namba, ndiyo." Akatabasamu, maskini.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu, uende zako."

Bi Mahfoudha hakutosheka kumfukuza. Siku tatu alimchunguza, na siku ya tatu alimwona kwa macho yake akishuka kwenye gari la Humaid. Alikuja kwangu anahema.

"Nilikwambia, Fawziya. Katumwa na mjomba wake aje achukue majina yetu. Mwanamke yeyote asimwoneshe bitaka yake."

Nilimwamini. Niliiona hata hila yenyewe, jinsi majina yetu yatakavyofika sabla na waume zetu kuitwa mmoja mmoja. Tukatoka kuwaonya wanawake: alichukua nyumba zake, mimi nikachukua saba. Khulood alikuja kutusihi.

"Khala, Nadhir ni mtu wangu. Mwacheni afanye kazi."

"Mjomba ni mjomba, binti yangu. Wewe hujaona watu."

Wiki tatu zikapita, daftari likafungwa. Siku ya kura tulikusanyika barazani tumevaa vizuri, tumefukiza udi. Wengi wetu hatukuwahi kupiga kura maishani. Mimi nilikuwa wa kwanza: nikaibandika bitaka nyuma ya simu kama tulivyoelekezwa, nikangoja jina la Khulood. Yakaja majina ya wanaume nisiowajua hata mmoja. Juu yake pameandikwa: Wilaya ya Al Qabil.

Wallahi nilidhani simu imeharibika. Bi Mahfoudha akajaribu yake: Al Qabil. Aliyefuata: Jalan Bani Bu Ali. Tuliporudi kutoka Afrika miaka ile ya sabini, baba zetu walituandikisha kwenye wilaya za makabila yao, kisha wakaja kuishi Ibra palipokuwa na kazi. Miaka arubaini na zaidi tunaishi hapa na karatasi zetu ziko kwingine, na hakuna aliyeuliza. Nadhir ndiye aliyeuliza. Kati yetu kumi na saba, kumi na wawili hatukuweza kumpigia Khulood.

Humaid alishinda kwa tofauti ya kura tisa.

Hakuna aliyemlaumu Bi Mahfoudha mbele yake. Mimi nilikasirika hadi sikulala, nikamkasirikia yeye kwanza, kisha nikazikumbuka zile nyumba saba. Baada ya mwezi nilikutana na Huwaida matangani, akanieleza habari ya lile gari. Humaid alimwita Nadhir, akampakia garini, akamwambia achague: Khulood au mjomba wake. Nadhir akashuka. Tangu siku hiyo hakanyagi sabla, na mama yake hatii mguu nyumbani kwa kaka yake.

Nilimpelekea Bi Mahfoudha maneno hayo kama yalivyo. Asubuhi yake alipita nyumba kwa nyumba na bati tupu la halua, akakusanya bitaka zote kumi na mbili, nami nikamfuata mpaka dukani kwa Nadhir. Akalisukuma bati juu ya meza.

"Andika, mwanangu. Majina na namba. Zikae kwako mpaka umalize."

Nadhir akalifungua bati, akaziona, akalifunika tena.

"Wamefunga, Khala. Mpaka uchaguzi ujao." Akalirudisha bati mikononi mwake taratibu. "Na bitaka usimwachie mtu. Hata mimi."

Bi Mahfoudha akalifungua bati palepale, akaanza kuzihesabu. Alifika ya tano ndipo alipotambua anachokifanya, na mbele ya nani. Mkono ukasimama, na machozi yakamtoka mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia.

"Nisamehe, mwanangu."

"Malizia kuhesabu, Khala," akasema Nadhir.

Akamalizia. Zilikuwa kumi na mbili, zote.