Picha ya Mama wa Kimisri Katika Darasa la Songo Songo

Siku yangu ya kwanza kazini, Kiranjeranje, wanafunzi wangu wote niliwakuta kwenye mikorosho. Katekista Mkuu wa parokia yetu hakuhangaika kuwaita. Alinipeleka huko huko.

"Fundisha hapa hapa, binti. Ukisubiri waje kanisani watazeeka."

Nikafundisha huku tunaokota korosho.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa kufundisha dini vigangoni. Kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi sina mvi, nina mtoto anayenyonya, lakini kazi yangu imekwisha, kwa hiyo naandika.

Katekista ni mlei anayefundisha dini pale padre asipofika. Kigango ni kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia. Sisi tulifundisha kwa swali na jibu: mwalimu anauliza, darasa linajibu kwa sauti moja, mnarudia mpaka jibu likae kichwani. Kwa asiyejua kusoma njia hiyo inafaa sana. Ubaya wake ni kwamba maswali yanatoka upande mmoja tu.

Kutoka Kiranjeranje nilihamishiwa Pande, na kutoka Pande, kisiwani Songo Songo. Huko nilipewa wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Mmoja wao alikuwa Deo, mlinzi, Mmakonde wa Newala, mtu wa maneno mengi. Siku moja katikati ya somo akaninyooshea simu.

"Samahani, mwalimu. Huyu Mama Maria wa wapi?"

Ilikuwa picha ya sanamu. Mama ameketi, mtoto yuko mapajani, anapewa titi.

"Siyo Maria," nikasema. Historia nilisoma mpaka kidato cha nne na niliipenda. "Huyo ni Isis, mungu mke wa Wamisri wa kale. Mtoto ni Horus."

"Wa zamani kuliko Yesu?"

"Zamani sana."

"Kumbe sisi tumeazima!"

Darasa likacheka. Mama mmoja wa nyuma akamwambia, "Deo, wewe utabatizwa kwa maji ya chumvi."

Ningeweza kurudi kwenye somo. Sikurudi, kwa sababu mtu mzima ameuliza. Nikawaeleza ninachokijua. Wamisri walimsimulia Osiris, aliyeuawa akarudishiwa uhai na kuwa mfalme wa wafu. Waliamini kwamba moyo wa marehemu hupimwa kwenye mizani siku ya hukumu yake. Walikuwa na kisa cha kijana aliyesingiziwa na mke wa kaka yake kwa sababu alimkataa, na anayemjua Yusufu nyumbani kwa Potifa atashtuka akikisikia. Wapo wataalamu wanaosema Waisraeli walivibeba vitu hivi kutoka Misri. Wapo wanaosema ni kufanana tu, maana mama hunyonyesha kila mahali na kifo kinaogopwa kila mahali.

"Labda vilitoka huko," nikasema. "Siwezi kuwaapia. Lakini Deo, mboga ya nazi ulijifunzia wapi?"

"Hapa hapa pwani."

"Ukienda Newala ukampikia mama yako, chakula hicho ni cha nani?"

"Cha aliyepika."

"Basi. Tuendelee."

Jioni nilimsimulia Bi Zuhura, mama wa Kiislamu niliyepanga kwake. Alicheka mpaka akashika mlango. "Kwani Nabii Musa hakulelewa kwa Firauni? Alikunywa uji wa nani?"

Katekista Mkuu hakucheka. Nilipovuka bahari kurudi parokiani Masoko, habari zilikuwa zimeshanitangulia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Katekista. Shikamoo."

"Marahaba. Umewaambia watu Yesu ni Mmisri?"

"Hapana."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia labda."

"Katekista hana labda, binti."

Darasa likachukuliwa. Nilikuwa mjamzito, nikanyamaza. Neema alipozaliwa nikaenda kwenye usaili. Hayo ni mazungumzo ambayo kila mzazi hufanyiwa kabla mtoto hajabatizwa, kuona kama anaijua imani atakayomlelea. Niliwahi kuwasaili wazazi wengi mwenyewe. Nilijibu yote bila kukwama. Kisha Katekista Mkuu akafunika kitabu.

"Mtoto atabatizwa. Ila kwanza utasimama mbele ya watu useme ulipotosha."

Hapo nilikasirika mpaka maziwa yakanitoka, yakalowesha gauni. Kuninyang'anya darasa, sawa, ilikuwa kazi yao. Neema hajafundisha mtu yeyote kitu chochote. Nyumbani mume wangu akasema, "Sema tu, mama Neema, maneno hayaui." Nikamwambia aende akaseme yeye.

Jumapili nilisimama na mtoto mkononi.

"Nimeambiwa niseme nilipotosha," nikasema. "Niliulizwa swali, nikajibu ninachokijua, na nisichokijua nikasema sikijui. Nikiulizwa leo nitajibu hivyo hivyo. Mtoto ndiye huyu."

Watu wakaguna. Paroko akaniuliza.

"Na Kristo, unamkiri?"

"Ndiyo, Padre. Ningekuwa simtaki, saa hizi ningekuwa nyumbani nimelala."

Padre akamgeukia Katekista Mkuu. "Lete maji."

Katekista Mkuu akayaleta mwenyewe. Hakunitazama.

Darasa sikurudishiwa, na sijaliomba. Nasikia mwalimu wa sasa wa Songo Songo, mtu akiuliza, hujibu kwamba hilo halimo kwenye somo. Deo ameacha kuja. Hasira hazijanitoka, wala sitaki kuwadanganya kwamba zimenitoka. Ninyi mnaoanza, fundisheni swali na jibu kama mlivyoelekezwa, lakini yule mmoja atakayenyoosha mkono msimkalishe.

Mimi sasa nalea. Neema ameanza kusema. Ananyooshea kidole kuku, sufuria, mwezi, msalaba wa ukutani, anauliza, "Nini?" Namjibu.