Maboksi ya Upande wa Kushoto

Nolia Babineaux hakumwamini mtu, na hakuona haya kusema hivyo. Akipimiwa kamba wabichi sokoni, husimama nyuma ya mzani. Kasisi akiomba michango ya paa linalovuja, yeye huinua macho kulikagua hilo paa. Kwa hiyo kazi aliyokuwa nayo kwa Ovide, kule vijijini Louisiana, ilimfaa kweli. Ovide alifuga nyenje kwa maelfu na kuwatuma kwa posta wakiwa hai, chakula cha mijusi ya watu wa mjini na chambo cha wavuvi, na hakuna boksi lililofungwa kabla Nolia hajaliinamia na kulisikiliza.

Ndani ya boksi huwekwa vipande vya trei ya mayai, nyenje wajishikize, na kipande cha kiazi cha kuwatulizia kiu njiani. Kisha boksi huachwa litulie. Madume wakiimba, Nolia hulipiga selotepu. Wasipoimba, huliweka kando, hata kama wanatambaa. Wenzake walimcheka, lakini alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma ugonjwa uliingia mabandani, na kabla hata nyenje mmoja hajalala chali, kelele zilipungua. Mwishowe waliwazoa kwa koleo, na Ovide akaketi juu ya ndoo akalia mbele ya wafanyakazi wake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, ukimya ukarudi. Ajabu ni kwamba haukurudi kila mahali. Nyenje wa Clovis, mzee mcheshi aliyejaza maboksi upande wa kulia wa Nolia, waliimba kama kawaida. Waliokuwa bubu ni wa kushoto, na kushoto alikaa mgeni, Tressie Guillory, mjane mwenye mbwa.

Neno mbwa lilimtosha Nolia. Dawa ya viroboto anayopakwa mbwa mgongoni, ikibaki mkononi mwa mtu, huua nyenje. Ndiyo maana pale shambani hakuna amri iliyorudiwa kama ya kunawa.

"Tressie, leo umemshika mbwa?"

"Nimemshika, Bi Nolia. Si wangu?"

"Na mikono?"

"Nimenawa."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, Bi Nolia. Au nikuletee maji niliyonawia uyaonje?"

Clovis alicheka mpaka akamwaga nyenje mezani. Nolia hakucheka. Mtu mwenye jibu la haraka namna hiyo, alijiambia, amelitayarisha nyumbani.

Akaanza kumchunguza. Alinusa koti lake lililotundikwa mlangoni. Alimfuata bombani kuona kama anasugua kweli au anajilowesha tu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Tressie alikuwa na tabia ya kusema chini chini, makusudi, Nolia asisikie, kisha Clovis wa upande wa pili anacheka. Na maboksi ya kushoto yakazidi kuwa bubu.

Jumatatu moja, wakati wenzake wakila wali na maharage mekundu, Nolia aliingia kwa Ovide na kufunga mlango.

"Bosi, kikulacho ki nguoni mwako."

"Ni nani tena safari hii?"

"Yule mama wa mbwa. Nyenje wake hawaimbi."

"Mbona wateja hawajalalamika?"

"Watalalamikaje na mimi nayazuia maboksi yake?"

"Nimeyafungua uliyoyazuia, Nolia. Wanarukaruka humo."

"Na mwaka ule hawakurukaruka mpaka siku ya mwisho?"

Ovide aliikumbuka ile ndoo. "Basi," alisema mwishowe, "Ijumaa nitamwachisha kazi. Upande wake ukianza kuimba, tutakuwa tumejua."

Ijumaa baada ya chakula alimwita Tressie na kumwambia. Tressie hakubembeleza. Alimtazama Nolia, akavua aproni, akaanza kuikunja polepole kana kwamba ni ya kwake.

Clovis akahamia kile kiti cha kushoto ili kumalizia kazi, akaja na pipa lake mwenyewe la nyenje, wale wale waliokuwa wakiimba asubuhi nzima. Akajaza boksi, akalisukuma. Nolia akaliinamia kwa sikio la upande huo, kama kawaida yake. Kimya.

Basi hata Clovis, aliwaza. Mshenzi yule ameshamwambukiza. Akalinyanyua ageuke kuliweka kando, na lilipopita upande wake wa kulia, boksi likaanza kuimba.

Akasimama. Akalileta kwenye sikio la kushoto, likanyamaza. Akalihamishia kulia, likaimba. Kushoto, kimya. Kulia, nyimbo tele.

Hakuna aliyemwona. Ovide alikuwa akitafuta kalamu, Clovis akikata kiazi, na Tressie ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti. Nolia alijua kabisa kwamba akifunga mdomo, mlango ungejifunga nyuma ya Tressie, na yeye angebaki kuwa Nolia yule yule wa kusikiliza maboksi. Aliogopa, na aibu ilimpanda mpaka shingoni.

"Ovide, mwache Tressie," alisema. "Nyenje wazima. Ni sikio langu la kushoto ndilo limekufa."

Clovis akaacha kukata kiazi.

Tressie alibaki na koti nusu mwilini. "Mbwa nilimpeleka kwa dada yangu Jumapili, Bi Nolia," alisema. "Nilidhani nikimwondoa utaniacha." Ndipo Nolia akaitazama mikono yake. Ilikuwa imepasukapasuka kwa sabuni, na kwenye vifundo ilikuwa na damu iliyokauka.

"Dada yako anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

Nolia akavua aproni, akachukua funguo za gari. "Twende tukamchukue mbwa wako."

"Na maboksi?" aliuliza Clovis. "Nani atayasikiliza?"

"Wewe. Si una masikio mawili?"

Nje, Tressie akapanda kwenye kiti cha abiria, ambacho kwa magari ya huko kiko upande wa kulia wa dereva, kwenye lile sikio zima la Nolia. Mpaka wanavuka daraja Tressie hakuwa amesema neno.