Chumba Nyuma ya Kinyozi

Mtaani walimwita Machozi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kulia. Kazi yake ilikuwa kutia muziki kwenye filamu, na aliifanyia katika chumba kimoja nyuma ya saluni ya kaka yake kinyozi. Magodoro mawili makuukuu yaliegemezwa ukutani kuzuia kelele. Hayakuzuia lolote. Mashine ya kunyolea ilinguruma upande wa pili kutwa nzima, na ukizisikiliza vizuri filamu zake za mwanzo utaisikia humo, chini ya kinanda, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

"Kaka, zima dakika mbili tu, nirekodi."

"Mteja haambiwi subiri."

Jibu hilo alilisikia kwa miaka tisa, mpaka akazoea kurekodi kaka anapokwenda kula. Kaka mtu hakuwa na roho mbaya. Chumba alikitoa bure, na hata meza alinunua yeye. Ila kupiga kinanda ili watu walie aliona ni kazi ya kukosa kazi, na mwezi ule alisema waziwazi kwamba ameagiza kiti cha tatu cha kunyolea. Chumba kinatakiwa. Mwezi ukiisha, Machozi ahame.

Machozi alikuwa na mtindo wake. Akimaliza kipande, alibeba kompyuta hadi kwa wateja waliokaa benchi, akawaonyesha bila kuwauliza chochote. Aliangalia simu zao tu: zikishuka mapajani, kazi imekubali. Kaka naye alitazama kupitia kioo huku akinyoa, na kwa miaka yote hiyo mashine haikukatika hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma Machozi kuliko suala la kuhama.

Filamu ya mwezi ule ilimtoa jasho. Mjane anafungua kabati la marehemu mumewe, anatoa mashati, dakika tatu bila neno. Mwigizaji mwenyewe uso mkavu kama ubao. Machozi aliweka kinanda, akaweka fidla, akaongeza ngoma ya kudunda kama moyo. Mwongozaji alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Mdogo wangu, nikitazama hapa nawaza chakula cha mchana."

Pale benchi nako, hakuna simu iliyoshuka.

Akafuta vyote, akakaa kumtazama yule mama. Anatoa shati, analiweka. Anatoa jingine, analiweka. Anafika kwenye la buluu, analikumbatia. Mwongozaji alidhani mama anapanga nguo. Machozi aliona kwamba anatafuta.

Marehemu baba yao alikuwa haoni bila miwani, na kila siku ya Mungu aliipoteza. Akiitafuta, aliimbia puani wimbo usio na kichwa wala miguu, chumba hadi chumba. Akiipata, aliukata papo hapo, popote ulipofika, na nyumba nzima ikajua imeonekana. Machozi alisogeza kipaza sauti, akauimba vilevile, puani, bila kinanda. Shati la buluu lilipofika mikononi mwa yule mjane, akanyamaza katikati. Hakungoja kaka aende kula, kwa hiyo mashine iliingia humo humo, lakini angalau alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Alitoka na kompyuta. Benchi lilikuwa na watu watatu, na kwenye kiti mteja wa nne, kichwa kimenyolewa nusu. Wimbo ukaanza. Simu ya kwanza ikashuka, halafu nyingine. Mama akafika kwenye shati la buluu, wimbo ukakatika.

"Kaipata," kinyozi alisema.

Aliyemwelewa ni mdogo wake peke yake. Mashine ilikuwa imezimwa, haijulikani tangu saa ngapi. Kwenye kioo macho ya kaka yalijaa maji, na hakuyafuta.

"Mbona mashine yangu inasikika humo?" aliuliza kwa ukali.

"Siku zote inasikika, kaka."

"Nenda karekodi tena. Siwashi mpaka umalize."

"Na kiti cha tatu?"

"Kitatafutiwa pa kukaa. Nenda, bwana!"

Machozi aliingia chumbani, akafunga mlango. Mteja aliyekuwa kitini akajishika kichwa.

"Fundi, na mimi je? Niko nusu!"

"Subiri," kinyozi alimwambia.