Kahawa Iliyomngoja Baba Yangu

Mwanangu, siku ile baba yangu aliposhuka Msambweni kuja kuwatazama wakwe, naikumbuka kwa harufu kabla ya kitu kingine chochote. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mtu wa bara kuolewa pwani lilikuwa jambo la kusimuliwa mtaa mzima.

Wewe unaniona na leso zangu, unanisikia nikisema kama watu wa hapa, unasahau kwamba mimi ni mtoto wa Kiambu. Nilishuka Mombasa kulea watoto katika nyumba moja, na jirani yetu alikuwa fundi cherehani, jina lake Bakari, kwao Msambweni. Ndiye huyo baba mkwe wako, Mungu amrehemu. Tulivyozoeana, hayo hayakuhusu.

Posa ilipopelekwa kwetu, baba hakukubali wala hakukataa. Alisema atakuja mwenyewe aione nyumba na watu wake. Alikuwa amesikia kwamba watu wa pwani wana maneno matamu, kwamba watakwambia lile unalotaka kulisikia. "Nikiona wananidanganya," aliniambia, "tunarudi nyumbani sisi wawili." Na baba alikuwa mtu wa kufanya alilosema.

Bakari alipopata habari kwamba mzee atakuja, furaha ilimzidi. Alikwenda duka kubwa la mjini akanunua ratili mbili za kahawa iliyokwisha kusagwa, ya bei, ndani ya mfuko wa karatasi ngumu. Alisema mle kwenye basi abiria walikuwa wakigeuza shingo kutafuta harufu inatoka wapi. Akamkabidhi mamake, Bi Mwanaisha, akamwambia, "Mama, hii isiguswe mpaka siku ya mzee."

Ulikuwa mwezi wa Mfungo Mosi, Ramadhani imetoka juzijuzi. Baba alitarajiwa baada ya wiki chache. Basi mvua zikaharibu barabara kwetu. Kisha mahindi yakawa tayari kuvunwa. Kisha mguu ukamvimba. Alikuja kufika Rajabu, watu wameanza kuiulizia Ramadhani nyingine.

Muda wote huo ule mfuko ulikaa stoo, juu ya rafu, mdomo umekunjwa na kufungwa uzi. Pembeni yake palikuwa na vitunguu, na juu yake alining'inia papa mkavu aliyeletwa na jamaa zao wa Kibuyuni. Bi Mwanaisha hakuwa mtu wa kahawa ya kusagwa dukani. Yeye alikuwa akinunua buni mbichi, akikaanga kidogo, akitwanga ya kumtosha siku mbili tatu. Lakini mwanawe amesema isiguswe, naye hakuigusa.

Siku yenyewe baba alikaa barazani na mjomba wake Bakari na Bakari mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni na Bi Mwanaisha. Aliifungua ile kahawa akaichemsha sufuriani kwa tangawizi nyingi na iliki, kwa hiyo pale jikoni tulisikia tangawizi tu, kisha akaimimina kwenye dele, birika la kahawa. Bakari akaja kulichukua dele pamoja na sahani ya halua. Bi Mwanaisha akajimiminia kilichobaki kwenye sufuria, akapiga funda moja.

Sikupata kumwona mtu akibadilika uso vile. Hakuitema, aliimeza. Akanipa kikombe. Mwanangu, mimi nililelewa kwa chai na uji, sikuijua kahawa, lakini papa nilikuwa nimeshamjua. Ilikuwa kama maji ya kuoshea papa yaliyotiwa majivu.

Kule nje tukamsikia baba.

"Kumbe hii ndiyo kahawa," alikuwa akisema polepole. "Mimi nimechuma hii kitu kwa shamba la Mzungu tangu nikiwa kijana. Nimebeba magunia yake kwa mgongo. Lakini kuionja, hapana, kwetu tunakunywa chai. Tulikuwa tunajiuliza hawa watu wanaipendea nini."

"Unaionaje, mzee?" mjomba akamwuliza. Yeye mwenyewe kikombe chake alikuwa amekiweka chini.

"Si mbaya," baba akasema. Nilichungulia mlangoni nikamwona akinywa kama mtu aliyepewa mwarobaini, anaikaza shingo ili ipite.

Bakari akaingia ndani mbio. Naye alikuwa ameionja. "Mama, tafadhali usiseme kitu. Hajui kahawa. Amesema si mbaya. Tupitishe siku."

Bi Mwanaisha akaisukuma sufuria kando. "Wewe ulinunua kitu cha kunywa, ukanifanya mlinzi wake," akamwambia kwa sauti ya chini. "Hilo ni langu na lako, tutaliongea. Lakini mzee wa watu amechuma kahawa ujana wake wote, arudi kwao akidhani ina ladha ya papa? Na ni sisi tuliomdanganya?"

Aliposema neno hilo, kudanganya, nilikumbuka ya kurudi nyumbani sisi wawili. Hakujua baba aliniambia nini. Nilimwona akijitanda leso kichwani vizuri, akatoka barazani.

"Mzee, niwie radhi," alisema. "Hiyo uliyokunywa si kahawa. Ilikuwa kahawa miezi mingi iliyopita. Tumekuwekea kwa heshima, nayo imetuharibikia stoo. Nipe muda kidogo nikufanyie nyingine."

Mjomba alitazama miguu yake. Baba alikiweka kikombe chini, akamtazama yule mama, kisha akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mamangu afariki.

"Asante, mama," alisema. "Nilikuwa nafikiria nitamalizaje hiyo ingine."

Bi Mwanaisha alitoa buni mbichi kwenye kigunia. Baba akaomba aone. Waliweka jiko uani, naye akavuta kibao akakaa karibu. Alichukua punje moja akaiviringisha vidoleni. "Hii naijua," alisema. Lakini alipoziona zinageuka hudhurungi kikaangoni, zikianza kupasukapasuka na kutoa mafuta, akainamia kikaango. Harufu ilijaa uani ikatoka mpaka njiani, jirani mmoja akauliza kwa sauti kuna sherehe gani. Baba akataka mchi atwange mwenyewe. Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu, maana mgeni mwanamume kutwanga kinuni hakuwahi kuona.

Alipoinywa ile ya pili alifumba macho. "Kumbe walituficha hii," akasema. Akanywa vikombe vitatu, na usiku hakulala hata kidogo.

Asubuhi yake, tukingoja basi, aliniambia maneno machache. "Huyo mama hatakuficha kitu. Kaa." Akapanda, akaondoka.

Nilipoolewa, Bi Mwanaisha alinifunza ile stoo rafu kwa rafu, ndiyo maana juzi nilipofungua kabati lako nikaona ile kahawa ya kusagwa uliyowawekea wageni tangu harusi, nikakuita hapa. Sikukasirika, mwanangu. Sikiliza tu. Buni mbichi, ikiwa kavu na gunia halikugusa sakafu, hukaa mwaka na zaidi bila neno. Ukishaikaanga ndipo inapoanza kuchujuka. Punje nzima ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana zina utamu wenyewe kwa wiki mbili tatu. Mwezi ukipita inanyweka, lakini hutaisifu. Ikishatwangwa, kwa hewa yetu hii ya chumvi, usiipe zaidi ya wiki. Haigeuki kuwa sumu, ila ukiona ukungu itupe. Kinachokwenda ni harufu, nayo hunyonya harufu ya kila kilicho jirani, kwa hiyo usiiweke na samaki wala vitunguu wala sabuni, hata ndani ya hilo friji lako. Na usichote kwa kijiko chenye maji.

Nunua kidogo, umalize, ununue tena. Kizuri kinywe na mumeo siku ya kawaida, usimngoje mgeni ambaye hujui mguu wake utavimba lini. Na kikikuharibikia, mwambie mgeni kweli, kisha inuka ukawashe jiko.

Haya, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe nyumba isiyokosa wa kubisha hodi, akupe mkono mwepesi na ulimi usioona haya kusema kweli, akuweke na mumeo mzeeke pamoja, mkibishana kila asubuhi ni zamu ya nani kukaanga. Amin.